Mwaka Bingwa Alipougua Matumbwitumbwi

Ninyi vijana wa stendi mnaokaa juu ya boneti za watu mkisimuliana ajali, hebu sogeeni hapa. Kila siku nawasikia mkisema adui wa dereva ni kona, mara breki, mara askari wa barabarani. Mimi nimeshika usukani wa lori kati ya Bariadi na Maswa tangu enzi za Mwingereza mpaka magoti yalipokataa kukanyaga klachi, na nawaambieni, madereva niliowaona wakiangushwa na kona ni wachache. Walioangushwa na tumbo ni wengi. Na mafua. Na jipu.

Msicheke jipu. Kulikuwa na dereva mmoja wa Dutwa, mtu wa miraba minne, ambaye wiki ya mashindano jipu lilimwota mahali ambapo dereva anapahitaji kuliko mahali pengine popote. Alijaribu kuendesha amekalia upande mmoja. Akajaribu kuendesha amesimama, shingo imepinda chini ya paa kama twiga aliyefungiwa kwenye banda la mbuzi. Mwishowe alirudishwa kwao na lori lake mwenyewe, amelazwa kifudifudi juu ya magunia, na wanawake waliokuwa kisimani wakauliza kama amekufa.

"Afadhali angekufa," utingo wake akajibu. "Huyu akifika atataka tumkande."

Nimesema mashindano, na sasa mnatazamana. Ndiyo, tulishindana. Miaka ile ya hamsini pamba ilikuwa imeshamiri, na kila mwisho wa msimu wa kununua, wafanyabiashara wenye malori walipanga madereva wao waondoke Bariadi asubuhi, kila mmoja na shehena yake ya pamba, waende mpaka kwenye kinu cha kuchambua pamba kule Maswa. Bwana Shauri, yaani yule Mzungu wa wilaya, alikataza mbio za magari barabarani. Kwa hiyo hazikuitwa mbio. Ziliitwa maonyesho ya usafirishaji, na Bwana Shauri mwenyewe alikuja kutazama maonyesho hayo amevaa kofia mpya.

Sharti lilikuwa moja: ufike wa kwanza bila kupoteza gunia hata moja njiani. Mshindi alipewa dume la ng'ombe. Lakini dume lilikuwa la kupigia picha tu. Kilichotutoa jasho ni kwamba tajiri wa lori lililoshinda ndiye aliyepewa kazi ya kubeba pamba ya msimu unaofuata. Tajiri akikosa kazi, dereva anarudi kwenye jembe. Na mtu aliyekwisha onja kupigiwa vigelegele na kijiji kizima kwa sababu ya honi yake, jembe humuuma mkononi kama nge.

Tajiri wetu alikuwa Mhindi mmoja mwembamba, Bwana Kanji, aliyekuwa na duka na lori moja. Dereva wake mkuu alikuwa Luhende. Mimi nilikuwa dereva wa pili, maana yake nililiendesha lori Luhende akiwa amechoka, na Luhende hakuwa akichoka.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa matusi. Tangi la petroli likivuja, aliniambia nichukue sabuni ya mche niikande mpaka ilainike, niibandike penye tundu, halafu alinitukana kwa kutojua hivyo tangu tumboni mwa mama yangu. Tairi likipasuka na akiba hakuna, alinionyesha kulishindilia majani makavu mpaka likaze, tukaenda nalo polepole kama mama mjamzito. Maji ya mto yakiwa mengi, fungua fenbelti kabla hujaingia, la sivyo feni itayarusha maji kwenye plagi na utaogelea. Na mchangani, alisema, hakuna kusimama. "Mchanga ni kama mkwe," alisema. "Mpite haraka ukiwa na heshima. Ukisimama, atakuuliza maswali."

Luhende alishinda mashindano mara mbili mfululizo, na ushindi ule ulimpanda kichwani. Alikuwa akitembea sokoni na kofia ameilaza upande, akijibu salamu kwa nyusi. Watu walisema hakuna cha kumzuia mwaka ule. Hata yeye alisema hivyo.

Basi asubuhi ya siku moja kabla ya mashindano nikaenda kwake tukague lori. Nikamkuta mkewe, Minza, amekaa mlangoni juu ya kigoda.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Maduhu. Ingia umwone mwenzio. Ila ukicheka, utatoka na fagio."

Niliingia. Luhende alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mpaka chini ya macho. Nikamwambia ajifunue. Akakataa. Nikavuta blanketi. Jamani! Mashavu yalikuwa yamevimba mpaka masikio yamesukumwa nje, shingo haipo, macho madogo kama ya nguruwe aliyeshiba. Bingwa wa barabara ya Maswa alikuwa ameugua matumbwitumbwi. Kitindamimba wake alikuwa ameugua majuma machache nyuma, na Luhende ndiye aliyekuwa akimbembeleza kwa kunywa naye uji katika kata moja.

Sikucheka. Niliuma ulimi mpaka machozi yakanitoka, na yeye akadhani nalia kwa huruma.

"Nitaendesha," alisema, meno yamebanana.

"Unatetemeka kwa homa."

"Lori nalo linatetemeka. Tutatetemeka pamoja."

Alinyanyuka, akajikokota mpaka mlangoni, akaulizia hendeli. Malori ya zamani hayakuwa na mambo ya ufunguo kama yenu. Uliingiza hendeli mbele ya injini ukaizungusha kwa nguvu ndipo likawaka. Bila hendeli, lori ni banda. Na hendeli ilikuwa wapi? Ilikuwa chini ya Minza. Alikuwa ameilaza juu ya kigoda, akaikalia, akatandaza kanga yake.

"Mwenye kuitaka aje aichukue," alisema, huku akichambua choroko.

"Minza, nipe hendeli."

"Mganga wa zahanati amesema nini? Si amesema mwanamume mzima akiugua hivi asipotulia, uvimbe unashuka chini? Sasa ukishuka huko, mimi nitakuwa nimeolewa na nini? Na kofia?"

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani. Luhende alitazama mkewe, akatazama kanga, akatutazama sisi. Mtu aliyekuwa akipita mtoni Simiyu maji yamefika kwenye taa hakuthubutu kunyoosha mkono. Akarudi kulala.

Bibi mmoja jirani akamshauri ajitwike kuni kichwani, aizunguke nyumba huku akiuimbia ugonjwa uondoke, kama walivyofanya watoto siku zile. Luhende akasema yeye si mtoto. Jioni nilipopita kuchukua zana nilimwona nyuma ya nyumba, na mzigo wa kuni kichwani, akizunguka. Sikumsalimia. Kuna nyakati heshima ni kutazama pembeni.

Habari ilimfikia Hamisi kabla ya chakula cha mchana. Hamisi alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Maswa, kijana mtanashati kutoka Tabora, mwenye miwani ya vumbi na viatu vya kung'aa. Miaka miwili alikuwa akila vumbi la Luhende. Siku ile alikuwa amekwisha kufika Bariadi kwa ajili ya mashindano, na aliposikia, alinunua boga kubwa sokoni akamtuma mtu alipeleke kwa Luhende na salamu: "Ndugu yako amekuja kukuona."

Minza alilipokea kwa shukrani, akalipika.

Hamisi akaona ushindi uko mfukoni. Alishinda buchani akila nyama ya kuchoma na kusimulia jinsi atakavyopokewa Maswa, na kila aliyepita alikaribishwa. Kiu ilipomshika akaletewa mtindi. Sasa mtindi ule ulikuwa umeshinda juani ndani ya kibuyu, na mwenye kibuyu alimwonya. Hamisi akamjibu kwamba tumbo la dereva linasaga hata misumari.

Dereva wa tatu alikuwa ameamka na macho mekundu, yamefungana kwa tongotongo, hata mlango wa lori lake aliupapasa. Huyo tulimfuta. Akabaki wa nne, Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi aliwahi kuendesha malori ya jeshi katika vita ya Wazungu. Sasa aliendesha kilori kikuukuu cha tajiri mmoja wa Lagangabilili, kilichokuwa kikipiga kelele kama kuku wanaogombania mtama. Alitembea na birika lake la maji ya kuchemsha na mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha, na hakula wala kunywa cha mtu. Jua likizama, alilala. Sisi tulimwita bibi harusi. Hakuna aliyemhesabu.

Asubuhi Bwana Kanji alinishika bega mbele ya ghala.

"Maduhu, mimi hapana sema mingi. Ndugu yangu ya Mwanza anasema uza lori, fungua cherehani. Kama leo nakosa kazi ya pamba, mimi nauza. Umesikia?"

Nilisikia. Hendeli ilikuwa imeletwa na Minza mwenyewe, akanikabidhi mkononi na kuniambia, "Mwambie mke mwenzangu namsalimu," akimaanisha lori. Nikapanda na utingo wetu, Shija, mtu mzima mwenye wajukuu ambaye hakupenda haraka wala hakupenda kuulizwa.

Karani wa ghala akashusha kitambaa cha ishara. Hamisi akatoka kama risasi. Mimi nikamfuata. Mzee Nkwabi alikuwa bado anazungusha hendeli.

Sitawachosha na habari za barabara. Vumbi, makorongo, ng'ombe, watoto wakishangilia. Hamisi aliendesha vizuri, sikatai. Kila nilipomkaribia alinifunika kwa vumbi, nikawa naendesha kwa kunusa. Tulipoipita Lagangabilili vumbi lake likapungua, likaisha kabisa. Nikajua ameniacha mbali. Nilianza kuwaza jembe.

Ndipo tukateremka mto Simiyu. Hakukuwa na daraja mahali pale. Palikuwa na njia moja nyembamba iliyotandazwa matawi juu ya mchanga, na maji kidogo katikati. Na katikati ya njia hiyo lilikuwa limesimama lori la Hamisi, magurudumu yamezama, mlango uko wazi. Utingo wake amekaa juu ya madgadi, ameziba pua kwa shati.

"Yuko wapi?"

Akanionyesha matete kwa kidevu.

"Hamisi!" niliita.

"Nipo."

"Lori lako limeziba njia."

"Naliona."

"Utatoka lini?"

Sauti nyonge ikasema, "Uulize mtindi."

Shija alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Kupita pembeni ni kuzama. Kungoja ni kuuza lori. Basi msinivike utakatifu: sikumsaidia Hamisi kwa upendo, nililiondoa lori lake kwa sababu lilinikalia njiani. Tulifukua mchanga kwa mikono, tukatoa upepo kwenye matairi yake mpaka yakawa mapana kama nyayo za tembo, tukakata matawi tukatandaza. Nikapanda kwenye lori la adui yangu, nikaliwasha, nikalitoa mpaka ng'ambo. Lilikuwa lori zuri, klachi laini kama siagi. Nililichukia zaidi.

Hamisi alitoka mateteni amejiosha mtoni, rangi yake imekuwa kama ya majivu, akakaa kwenye kivuli cha lori lake. Nikampa maji. Akanishukuru kwa macho. Nikarudi ng'ambo kwa miguu, nikatoa upepo kwenye matairi yangu, nikalipitisha lori langu taratibu. Nilikuwa katikati ya mto niliposikia injini inanguruma mbele.

Hamisi alikuwa ameondoka.

"Umemjengea barabara," Shija akasema, "na mwenye barabara amekwenda."

Vijana, hapa ndipo penye somo la kazi, shikeni. Ukitoa upepo kwenye matairi ili upite mchangani, ukifika penye udongo mgumu unasimama, unachukua pampu ya mkono, unaurudisha. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini haina mbadala. Luhende alinifundisha hivyo kwa matusi yasiyosahaulika. Mimi nilisahau. Hasira ilinipanda, nikakanyaga mafuta na matairi laini vilevile, nikiapa kwamba nikimkamata Hamisi nitamrudisha mateteni kwa mikono yangu.

Nilimkamata karibu kabisa na Maswa. Huko mashamba yalikuwa yamekwisha vunwa, hakuna hata bua la kumsitiri mtu. Lori lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya boma la bibi mmoja, na bibi mwenyewe amesimama nje ya choo chake, mikono kiunoni.

"Wewe unamjua huyu?" bibi akaniuliza. "Ameingia bila hodi."

"Simjui, mayu. Mwache amalize."

Nikapiga honi ya heshima, nikapita. Mbele yangu barabara nyeupe, tupu. Nikaanza kumwona Bwana Kanji akitabasamu, nikamwona Luhende akivua kofia. Nikaliona hata lile dume. Kisha nikaikanyaga miamba, na tairi la nyuma, laini kama nilivyoliacha, likapasuka kwa mlio uliowarusha njiwa wote wa Maswa.

Tulikuwa chini ya lori na jeki tuliposikia kelele za kuku wanaogombania mtama. Kilori cha Mzee Nkwabi kikaja polepole, kikasimama. Mzee akashuka. Akatusalimia kwa ukamilifu, akauliza hali za nyumbani, akauliza ng'ombe, akauliza mvua za kwetu. Akatupa maji ya birika na michembe kila mmoja.

"Niwasaidie?" akauliza.

"Hapana, baba. Tunamaliza."

"Wabeja, asanteni. Pale mtoni kuna matawi mazuri mwaka huu," akasema. "Sijui nani katandaza." Akapanda, akaenda zake.

Akashinda. Mimi nilifika wa pili, magunia yote salama. Hamisi aliletwa baadaye, anaendesha utingo, yeye mwenyewe amekumbatia tumbo kama mtu anayeogopa kuibiwa. Bwana Shauri alimuuliza Mzee Nkwabi siri ya ushindi wake ni nini. Mzee akafikiri, akajibu: "Nililala."

Bwana Kanji, aliyekuwa ametangulia na gari la rafiki yake, alikuja akanitazama nilivyotapakaa mchanga. Nikamweleza yote, mto, tairi, bibi. Hakunigombeza. Alitafuna tambuu yake, akaingia garini. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kesho yake nilirudi Bariadi na kwenda moja kwa moja kwa Luhende. Uvimbe ulikuwa umepungua upande mmoja tu, akawa kama mtu aliyeficha ndizi shavuni. Nikamwambia tumeshindwa. Nikamweleza sababu. Nilipofika kwenye "uulize mtindi" alianza kutikisika. Nilidhani ni homa. Kumbe anacheka, na kila akicheka mashavu yanamuuma, akiumwa analia, akilia anacheka zaidi.

"Nyamaza," aliniomba, ameshika mashavu yote mawili. "Maduhu, utaniua." Kisha akatulia, akasema polepole, "Na upepo hukuurudisha."

"Sikuurudisha."

Nilingoja matusi. Hayakuja. "Pole," akasema. Ndilo tusi lake pekee lililonifikia mfupani.

Sasa mtauliza, je, lori liliuzwa? Ilibaki kidogo. Msimu mpya ulipoingia, tajiri wa Lagangabilili akaona pamba ni nyingi na kilori chake kinachoka kabla ya adhuhuri. Akaja kwa Bwana Kanji kuomba waibebe pamoja. Kwa hiyo kazi tuliipata, ila kwa sharti kwamba kiongozi wa msafara ni Mzee Nkwabi. Msimu mzima bingwa Luhende aliendesha nyuma ya kile kilori, mwendo wa mzee, akimeza vumbi la mzee, akisimama kila mzee aliposimama kunywa maji ya birika. Wiki za kwanza alikuwa akipiga usukani kwa ngumi. Baadaye nikamwona siku moja na birika lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata mashindano yakaja tena. Luhende alikuwa mzima kama dume la jembe. Jana yake tu alikuwa amebeba gunia begani kwa mzaha. Asubuhi tulikuwa tumepangwa mbele ya ghala, Hamisi kulia kwetu, akinywa chai ya rangi kwa adabu. Watu wamejaa. Luhende akazungusha hendeli, injini ikawaka, akaja mpaka mlango wa dereva, akashika komeo, akasimama. Akajigusa paji la uso.

"Kichwa kinaniuma," alisema. "Endesha wewe."

"Luhende, usifanye utani."

"Mtu akisema anaumwa, anaumwa. Au nimwite Minza?"

Akazunguka upande wa pili, akapanda, akaegemeza kichwa dirishani, akafumba macho. Nikaendesha. Nilipita Lagangabilili akikoroma. Mtoni alifumbua jicho moja. Nilipopita ng'ambo nikasimama, nikachukua pampu, nikaanza kurudisha upepo huku Hamisi akinipita na honi. Luhende alibaki amekaa, hakunisaidia kupampu. Hamisi nilimpata kwenye ile miamba, anabadilisha tairi. Nikampa salamu kamili.

Tulifika wa kwanza. Bado sijazima injini vizuri, mgonjwa wangu amekwisha kuruka chini, amepasua umati, amelishika lile dume pembe zote mbili, anaserebuka mbele yake na kulisifu kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha pili, mbavu, nundu, mpaka mkia. Nikamfuata.

"Luhende," nikamuuliza, "na kichwa je?"

Akanigeukia, uso umejaa jasho na furaha.

"Kichwa gani?"